Kila Duka Picha ya Kwanza

Kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni kabla hakujapambazuka, na Sabuni, aliyelala kwenye kochi la sebuleni, akajua shangazi yake ameamka. Mtaani walimwita Sabuni kwa kuwa ukimshika anateleza. Ndugu wengine wote walishamfungia milango. Shangazi peke yake ndiye aliyemwita "baba", akamfunikia kikombe cha chai kwa kisahani kisipoe kabla hajaamka vizuri.

"Kazi ukikosa, chakula hukosi," alimwambia akijifunga kitambaa kichwani. "Ila nikisikia umemtapeli mtu mmoja tu, kochi hili utalisikia redioni."

"Aa, shangazi! Mimi wa leo si yule wa jana."

Macho yake lakini yalikuwa kwenye simu. Alikuwa akitazama viatu kwenye tovuti ya duka fulani. Juu ya ukurasa palikuwa na picha kubwa ya viatu vyeusi. Kabla hajamaliza kusoma, picha ikateleza ikaenda zake, ikaja mikoba. Mikoba nayo ikapita. Akavizia viatu virudi, akabonyeza, akafunguliwa ukurasa wa miavuli. Mtu mwingine angetukana. Sabuni aliketi kitako akatabasamu kama bwana harusi. Nafasi ni moja, wenye nafasi ni wengi, na hakuna anayemwona mwenzake!

Shangazi alishona mapazia katika jengo moja lenye maduka yaliyobanana kama meno. Kwa heshima ya shangazi, kila duka lilimkaribisha kijana. Akalitengenezea jengo tovuti, ukurasa mmoja wenye picha zinazozunguka, kisha akaanza kuuza nafasi.

"Picha ya kwanza kabisa?" aliuliza Bwana Magodoro, akivuta pumzi.

"Ya kwanza, bosi wangu. Mteja akifungua tu, uso kwa uso na godoro."

"Na huyu jirani wa majeneza?"

"Huyo? Nyuma huko! Nani anaanza safari na jeneza?"

Kwa Fundi Majeneza alinong'ona, "Magodoro nimemtupa mwisho, mzee. Watu watalala siku yoyote, lakini kwako hawakwepi." Fundi alicheka hadi randa ikamponyoka.

Wakitaka ushahidi, Sabuni aliishika simu kifuani akipiga soga, akichungulia kwa jicho moja. Picha ya mhusika ilipofika, alimgeuzia ghafla: "Si hiyo?" Kabla haijapita, simu ilisharudi mfukoni, betri inaisha. Hakuna aliyeomba kungoja aone ya jirani. Ya jirani ilimhusu nini?

Wateja ndio walioteseka. Mzee mmoja, vidole vikitetemeka, alitaka miwani. Alingoja picha ya miwani, akanyoosha kidole polepole, na kidole kilipotua miwani ilikuwa imekwenda. Jioni Fundi Majeneza akampigia simu kumuuliza urefu wake.

Likabaki duka la mapazia, lile alimoshona shangazi. Mwenyewe, Mama Mapazia, alikuwa haoni tangu ujana wake, na vitambaa alivijua kwa vidole. Simu yake ilimsomea kwa sauti kila kilichoandikwa, naye aliisikiliza kwa kisikizi kimoja sikioni ili asiwasumbue wateja. Sabuni alijiambia kwamba huyu ni wa kuokota. Hata kuvizia picha hakuna haja.

"Shikamoo, mama. Picha ya kwanza ni yako."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niisikilize."

Akapitisha kidole kwenye kioo, taratibu, mara moja, mara nyingine. Nyusi zikapanda. Kwenye cherehani, shangazi alisimamisha pedali akamtazama mpwa wake kwa fahari, na Sabuni akamkonyeza.

"Nimependa mno," alisema Mama Mapazia. "Kwa nini ninunue moja? Niuzie zote. Ukurasa mzima mapazia, na picha isimame isitembee. Nitakulipa mara mbili ya yote uliyokusanya."

Sabuni alisogea karibu. "Mama, wewe ni mfanyabiashara!"

"Ila majirani zangu sitaki waninunie. Warudishie chao leo hii, na cha kuwafuta machozi juu. Wakinithibitishia wenyewe, njoo uchukue."

Tamaa haina subira ya kukagua neno polepole. Sabuni alizunguka jengo zima akirudisha. Alichokwisha kula alikifidia kwa kuuza saa, kisha viatu, na machozi ya Bwana Magodoro yalikuwa mengi kuliko ya wengine. Alirudi dukani na ndala, mfukoni mna upepo, usoni mna sherehe. Wenye maduka wote walikuwa wamemtangulia, wameitwa.

"Mmelipwa?" aliuliza Mama Mapazia.

"Tumelipwa, na juu!"

"Basi sikilizeni nilichosikia." Akachomoa kisikizi, akaiweka simu mezani.

Kumbe simu hiyo, ikikuta picha isiyoandikiwa maelezo, husoma jina ambalo picha ilihifadhiwa nalo. Na Sabuni alikuwa amezihifadhi kwa majina ya kumsaidia yeye kukumbuka. Ikasoma bila haya, kwa sauti ya mtangazaji wa habari:

"Picha. Magodoro, mjinga, msifie tumbo. Picha. Majeneza, mchoyo, mchonganishe na magodoro. Picha. Miwani, haoni mbali."

"Mchoyo nani?" alifoka Fundi Majeneza. Wote wakatazama pembeni, kwa adabu, kicheko kikiwatoka puani.

"Picha," simu ikaendelea. "Mapazia, kipofu, rahisi."

Kicheko kilikatika. Mama Mapazia alikunja kisikizi chake vizuri. "Nilikuahidi kukulipa ukiniuzia nafasi. Ulichoniuzia kinatembea, mwanangu, na hujakimiliki. Hatudaiani." Kisha akageuka upande wa cherehani. "Dada yangu, hili si lako. Kesho uje kazini kama kawaida, nina shuka za hoteli."

Sabuni alimtazama shangazi yake. Shangazi alikata uzi kwa meno, akakunja pazia alilokuwa akishona, akatoa nauli kwenye pindo la nguo yake akamtia mkononi.

"Nguo zako nitaziacha kwa jirani, zimefuliwa," alisema.

"Shangazi, na kochi?"

"Kochi basi." Alimkung'uta vumbi begani, kama anayemwandaa mtoto wa shule, na sauti ikamlegea kidogo. "Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu. Jumapili njoo unitembelee. Ubishe hodi mlangoni, baba, kama wageni wengine."