Neno Alilolileta Nduku kutoka Kawangware

Fundi Kimanzi,
Lindi, Kibera.

Kwa Mwalimu Sifuna,
Darasa la Lugha za Kigeni,
Kawangware.

Mwalimu mpendwa,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima sana, na sababu ni wewe.

Umemfunza mteja wangu Nduku kusema "uongo" kwa lugha tano. Naomba ulitoe neno hilo kwenye masomo yako kabla ya Jumamosi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nduku aliniletea kitenge mwezi wa tatu nimshonee gauni la kanisani. Nilimwambia aje Jumamosi, na alipokuja nikamwambia imebaki vifungo tu. Huo si uongo, mwalimu. Ni desturi yetu mafundi wa nguo, na Jumamosi ya fundi haijawahi kuwa ile ya kalenda. Zamani Nduku alikuwa anacheka, anaketi kwenye benchi, tunapiga gumzo, halafu anaenda. Siku hizi anasimama mlangoni na kutangaza, "Fundi, hiyo ni mentira." Eti Wahispania na Wareno wote wanatumia neno hilo moja. Yaani nilitukanwa na mataifa mawili kwa pumzi moja!

2. Wiki iliyofuata nilimweleza kwamba stima imepotea. Akaitazama cherehani yangu, ambayo ni ya kukanyaga kwa miguu, akasema, "Aki fundi, bugia." Hicho ni Kiitaliano. Niliposema uzi umeisha nikapewa mensonge ya Kifaransa, na majirani wakapiga makofi kwa vile inasikika vizuri. Jana nikapata minciună ya Romania. Mwalimu, sikujua kuna nchi kama hiyo, na tayari inaijua tabia yangu.

3. Ugonjwa umeenea. Benard wa viatu akisema gundi haijakauka, watoto wanamwimbia bugia. Maggie wa mboga hawezi tena kumwambia mtu kwa simu "niko hapo tu, dakika mbili" huku bado anatafuta kiatu chini ya kitanda. Lindi nzima ikilazimishwa kusema mahali ilipo hasa, nani atamngoja mwenzake? Harusi zitavunjika!

4. Hata hao Wazungu wasingekuwa na neno hilo kama wasingekuwa na mafundi wa nguo. Ni wazi kwamba huko Roma pia kuna mtu anangoja gauni.

5. Nduku ameapa Jumamosi hii atachukua kitambaa chake akipeleke kwa Ng'ang'a wa Riruta, ambaye inasemekana humaliza kazi siku aliyosema. Fundi wa namna hiyo simwamini hata kidogo. Nikimfikiria Nduku ameketi kwenye benchi ya mtu mwingine, najidunga sindano. Naumia, mwalimu.

Basi uruke ukurasa huo, au uwafunze "subira" kwa lugha zote tano, kwa sauti kubwa.

Wasalimie wanafunzi wote, mlinzi wa lango, na yule anayewapikia chai. Nduku usimsalimie, huyo nitamsalimia mwenyewe.

Wako katika masikitiko na uzi,
Kimanzi

Tanbihi: Gauni la Nduku nililimaliza wiki ile ile ya kwanza, vifungo na pindo. Liko chini ya meza, limepigwa pasi. Lakini nikimpa, atarudi hapa kutafuta nini? Kwa hivyo neno lako liache tu. Nifunze namna ya kumwambia ukweli, kwa lugha yoyote uliyo nayo. Kwa Kiswahili nimejaribu mara nne, na kila mara najisikia nikisema imebaki vifungo.