Mamlaka ya Ngozi ya Maji

Serikali iliwatangazia wananchi wote kwamba maji yana ngozi, na kwamba kuanzia siku hiyo ngozi hiyo iko chini ya ulinzi wake. Ikaundwa Mamlaka ya Ngozi ya Maji, ikapewa jengo la ghorofa mbili, lango, mlinzi wa lango, na Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa mkemia zamani, kabla hajapata kiti kinachozunguka. Kemia aliyobaki nayo siku hizi ilikuwa ya kukoroga chai, na hakujidanganya kuhusu hilo. Akipita mbele ya kioo cha mapokezi alikiona kitambi chake kimetangulia, yeye akifuata nyuma kama msaidizi, akajisemea, "Bosi ni huyo wa mbele."

Maabara ilikuwa chini ya mkewe, ambaye wafanyakazi walimwita Mama Kemia. Walionong'ona kuhusu upendeleo walikosea mtu. Yeye kazi alikuwa anaijua, aliyependelewa ni mume.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mama Kemia alijaza maji safi kwenye sinia pana, akadondosha juu yake mafuta yaliyoyeyushwa kwa kiyeyusho, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, kisha akasubiri kiyeyusho hicho kipae hewani. Mafuta yalibaki yametanda juu ya maji, vichwa vya molekuli zake vimezama majini, mikia imesimama, utando mwembamba usioonekana kwa macho. Kila chembe hai mwilini imevikwa utando wa mafuta ya namna hiyo. Mstari kwenye skrini ya kipimo kilichounganishwa na sinia ulionyesha jinsi utando ulivyojibana. Kiyeyusho kikali kikija kinajipenyeza katikati ya ile mikia, utando unavurugika, na mstari unayumba.

Sasa, Waziri mwenye dhamana ya Mamlaka alikuwa na shemeji mwenye kiwanda cha rangi, na kiyeyusho kilichotumika kuoshea mapipa shemeji huyo alitaka kukimwaga kwenye bwawa ambalo mji mzima ulikunywa maji yake, akiwemo mama mkwe wa Mkurugenzi. Waziri akaagiza onyesho la hadharani: tone la kiyeyusho hicho lidondoshwe kwenye sinia, mstari utulie, waandishi wa habari wapige picha.

"Utulie," alisisitiza kwenye simu. "La sivyo utatulia wewe, nyumbani kwako. Na sisemi ile nyumba ya serikali."

Kwa kuwa utando unavurugwa hata na mafuta ya mikononi au mvuke wa manukato, Mkurugenzi alitoa waraka: siku ya onyesho ni marufuku losheni, mafuta ya nywele na manukato. Mamlaka nzima ikaja kazini imepauka. Mhasibu alivuta sketi kuficha magoti. Mlinzi wa lango alipiga saluti na kujikuna kwa mkono huohuo. Mkurugenzi mwenyewe midomo ilimpasuka kila alipotabasamu kikazi, na alitabasamu sana. Kipengele cha mwisho cha waraka kilimsamehe Waziri, maana kiitifaki Mheshimiwa hapauki.

Asubuhi ile Mama Kemia alimshika mumewe mlangoni mwa maabara.

"Baba watoto, ile dawa ya kiwanda inavuruga utando. Nimejaribu hadi nimechoka. Utasema ukweli?"

"Nitausema kwa awamu."

"Mama yangu anakunywa maji ya lile bwawa!"

"Mama mkwe namheshimu mno. Nitamnunulia chujio."

Mkewe alimgeuzia mgongo, akarudi kwenye sinia lake. Mkurugenzi aliingia stoo, akakihamishia kiyeyusho cha kiwanda kwenye dumu, akajaza maji safi kwenye chupa ya onyesho. Ilikuwa kazi ya kwanza ya maabara kuifanya kwa mikono yake tangu apandishwe cheo, na hakumwaga hata tone. Aliona aibu kweli, akakaza tai.

Waziri aliingia ukumbini anang'aa, harufu yake ikiwa imeshafika kitambo. Mama Kemia alifungua chupa, akainusa, akamtupia mumewe jicho lile la nyumbani. Akadondosha. Mstari ukatulia tuli. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Waziri, kwa furaha, akainama juu kabisa ya sinia ili apigwe picha na sayansi. Mstari ukayumba, ukapanda, ukaanguka.

"Mheshimiwa, ni nini hicho?" mwandishi mmoja akauliza.

"Mkurugenzi atafafanua," alisema Waziri.

Mkurugenzi alihisi jasho likimteremka mgongoni, mahali pekee mwilini mwake palipokuwa na unyevu. "Kitaalamu," alianza, "kuna uwezekano wa aina mbili. Ama ni kimiminika cha kiwanda, ama ni... mazingira ya kiitifaki."

"Njia ya kujua ipo," alisema Mama Kemia kwa upole. "Tutandaze utando mpya, tusidondoshe kitu chochote. Mheshimiwa asogee tu."

Wote wakamgeukia Mkurugenzi. Aliiona nyumba ya serikali ikiondoka, gari likiifuata. Akamwona na mama mkwe, ameshika kikombe.

"Turudie," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba mpaka akajionea huruma.

Waziri alilitazama sinia. Akazitazama kamera. Akamtazama shemeji yake aliyekaa safu ya mbele, kisha akajifuta shingo taratibu.

"Hakuna haja ya kurudia," alisema. "Ni kimiminika. Kilichelewa tu kufanya kazi. Serikali hii sikivu haitavumilia sumu, na kiwanda hicho hakitamwaga hata tone moja bwawani."

Shemeji alisimama, akasahau kwamba vipaza sauti bado viko wazi.

"Sumu gani, shemeji? Si hayo manukato uliyojimwagia! Niliyokuletea mwenyewe juzi, ukasema kibali cha kumwaga nihesabu nimekipata!"