Ukuta Wangu na Macho ya Watu

Jumanne, 1 Septemba 1987

Leo nimekuwa mtu wa matangazo! Wachoraji wa kampuni ya sabuni wameshuka hapa Mukuyuni na ngazi na makopo ya rangi, wakaupaka ukuta wa duka langu, upande wote unaotazama barabara. Mwanamke mwenye meno meupe, povu mpaka kwenye viwiko, na jina la sabuni kubwa kuliko maandishi yoyote yaliyo kanisani kwetu. Nimesimama ng'ambo nikiangalia mpaka shingo ikauma.

Ajenti wao, Bwana Mutiso, amenisomea masharti akiwa ndani ya gari, kioo kimeshushwa nusu ili vumbi lisimfikie. Kampuni hainunui ukuta, amesema. Inanunua macho. Atarudi Jumatatu ya tarehe kumi na nne, siku ya soko, aone kama watu wanautazama. Wakiutazama, atalipa kodi ya mwaka mzima. Wasipoutazama, atapaka chokaa na kuhamia ukuta wa Dirie.

Dirie ana hoteli ya chai mkabala na mimi. Alikuja kutoka Garissa na mbuzi wa kuuza, akaonja maji yetu, akawahurumia watu, akaanza kuwapikia chai. Watu huenda kwake bila kuitwa. Jambo hilo huniumiza kila asubuhi. Amevuka barabara kunipongeza. Ameniambia: Mzee Kisilu, mama wa ukutani ni mrembo, bahati mbaya yuko upande ambao wateja wako wanaupa mgongo wakija kwangu. Nimecheka kwa adabu.

Pesa hiyo nina kazi nayo. Daktari wa Makueni alimwambia mke wangu Ndila kwamba mgongo wake umechoka, asibebe maji tena. Ndila alimwitikia vizuri sana, akashukuru, akarudi nyumbani, akachukua mtungi, akaenda mtoni. Nataka tangi la mabati chini ya paa letu kabla ya mvua ya Novemba. Sijamwambia. Nataka aamke siku moja alikute limesimama pale.

Alhamisi, 3 Septemba

Hakuna anayetazama. Hakuna! Nimekaa mlangoni tangu nifungue duka. Mbuzi mmoja aliutazama ukuta kwa muda mrefu, akalamba rangi. Binadamu wote wanapita nyuso zimegeukia kwa Dirie kwa sababu ya harufu ya iliki.

Mwangangi amekuja kunisaidia kukaa. Huyu ni jirani yangu, mtu wa kazi nyingi ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Amesema macho ni bidhaa kama sukari. Kama hayaji yenyewe, yanunuliwe. Nimeuliza kwa nini mtu mwenye akili hivi hana hata baiskeli. Amesema ndiyo maana.

Kuanzia kesho: soda ya bure kwa kila atakayesimama mbele ya ukuta.

Ijumaa, 4 Septemba

Walikuja! Mwangangi alipiga mbiu kidogo tu wakajaa. Furaha yangu ilidumu mpaka jua lilipopanda. Hapo wote waliusogelea ukuta kutafuta kivuli, wakauegemea. Mama wa sabuni akafunikwa mpaka nywele. Mzee mmoja alijikuna mgongo kwenye povu.

Nimewaomba wageuke. Wamesema jua litawapiga machoni. Nimewaambia hayo macho ndiyo niliyoyanunua! Wamenitazama kwa huruma, wakamaliza kreti, kisha wakavuka barabara wote pamoja kwenda kunywa chai, kwa maana soda inaleta njaa. Dirie amenitumia kikombe cha shukrani.

Nimekinywa. Chai nzuri, lazima niseme.

Jumapili, 6 Septemba

Kanisani, baada ya maombi ya mwisho, watu wote walisimama isipokuwa Ndila. Mchungaji akamsifu mbele ya ushirika: tazameni dada yetu anavyodumu katika maombi. Watu wakasema amina. Mimi niliona mkono wake umeshika benchi mpaka vidole vimepauka. Alikuwa hawezi kuinuka.

Nimekwenda nikapiga magoti karibu naye kama mtu aliyeguswa na Roho. Amenong'ona, Baba Kalunde, usiwaonyeshe. Tumeomba hivyo hivyo mpaka kanisa likawa tupu, kisha nikamwinua. Sasa ushirika unatuona watakatifu sana.

Nyumbani akaanza kutafuta mkwa wake, ule ukanda wa ngozi wa kubebea mtungi. Nilikuwa nimeukalia. Nimemwambia kesho nitakwenda mimi. Amecheka. Halafu akaniangalia vizuri, akaacha kucheka.

Jumatatu, 7 Septemba

Mwanamume wa miaka hamsini na moja hawezi kupita sokoni na mkwa kwenye paji la uso. Hiyo ni kazi ya wanawake tangu dunia iumbwe, na wanaume wa hapa wanakumbuka tangu iumbwe. Nimechagua saa ya jua kali, watu wakiwa vivulini, na njia ya nyuma ya duka inayoshuka mtelemko moja kwa moja hadi mtoni.

Ndila amekuja nami, mikono mitupu, eti kunisindikiza. Mto umekauka. Tumefukua mchanga tukasubiri maji yajikusanye, tukayachota kwa kikombe. Akanifunga mkwa. Mzigo ukanivuta kichwa nyuma, nikabaki natazama mbinguni kama kuku anayekunywa maji. Amecheka mpaka akakaa mchangani. Amesema nisishindane na mzigo, niuinamie. Ningejua, ningeinama miaka yote hii.

Njia nzima amesimulia. Habari za dada yake wa Kabati, habari za jogoo aliyepotea mwaka jana, kitu nilichosema siku ya harusi yetu ambacho mimi sikumbuki. Nimeuliza mbona hakuwahi kuniambia haya. Amesema haya ni maneno ya njia ya mtoni. Waliyasikia wanawake aliokuwa akitembea nao. Mimi nilikuwa dukani.

Jumatano, 9 Septemba

Siri imekwisha! Nilipopanda mtelemko leo nimekuta watu juu wanangoja. Wengi! Wanawake wametua mizigo yao. Wanaume waliokuja kununua misumari wamesahau misumari. Wateja wa Dirie wamekuja na vikombe vyao mkononi, na Dirie mwenyewe nyuma yao, anasema anafuata vikombe. Muthoki, mwenyekiti wa kina mama, ameuliza kwa sauti kama Ndila anaweza kunikodisha siku za Jumamosi. Ndila akamjibu bei yangu hataiweza.

Kicheko kilisikika mpaka chini mtoni. Mimi niliona jambo moja tu. Kule mbele, kwenye ukuta wangu, hapakuwa na mtu hata mmoja! Kijiji kizima kimesimama nyuma ya duka kikinitazama mimi. Watu wa Mukuyuni hawataki maendeleo.

Jioni mke wa Dirie, Timiro, amemletea Ndila mafuta ya ngamia ya kukanda mgongo. Nimemkanda mimi. Amesema mikono yangu sasa ina nguvu kidogo. Nimeringa.

Alhamisi, 10 Septemba

Wazo kubwa! Mwethya!

Kwetu, ukilemewa na kazi ya shamba, unaita mwethya. Majirani wanakuja kwa wingi na majembe, wanafanya kazi, hawalipwi, unawapa chakula tu. Kwa hiyo: naita mwethya wa Jumatatu, wakusanyike mbele ya ukuta, Mutiso anafika, anaona macho ya bure, analipa. Mwangangi amesema huu ndio utajiri wenyewe.

Nimekwenda kwa Muthoki kuomba mwethya. Ameuliza kazi ni gani. Nimesema wataiona wakifika. Amenitazama kama mtu anayepima nguo.

Ndila naye ameuliza watu wote hao watakula nini, na kitapikwa kwa maji ya nani. Nimemwambia asijisumbue. Ameuliza tena, kwa maji ya nani. Nimetoka nje kukagua ukuta.

Jumatatu, 14 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Kina mama walifika mapema wakiimba, majembe begani. Nikawapanga mbele ya ukuta, nyuso zikielekea sabuni. Muthoki akauliza kazi iko wapi. Nikasema tungoje kidogo. Wakangoja kidogo. Akauliza tena. Nikasema kwa sasa kazi ni kusimama. Muthoki akanieleza taratibu, kama anayemsemesha mtoto mwenye homa, kwamba mwethya haujawahi kusimama tangu enzi za nyanya yake, na hautaanzia kusimama kwa Kisilu. Akazunguka nyuma ya duka, akaona mtelemko wangu ulivyochongwa na mvua za miaka, akapiga kelele ya uchungu. Akasema mwanamume gani anaacha udongo wake uende mtoni hivi! Kabla sijamjibu walikuwa wameshavuta kamba na kuanza kuchimba matuta ya fanya juu, wakiutupa udongo upande wa juu, wakiimba, na jina langu limo ndani ya wimbo. Si kwa sifa.

Mbele ya ukuta nimebaki mimi na Mwangangi. Mwangangi akasema anaenda kuwasimamia. Akaenda kulala.

Na chakula? Sufuria kubwa za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, zilikuwa jikoni zinangoja maji. Nikamkuta Ndila ameshika mtungi. Amesema wageni hawawezi kulala njaa kwa aibu yangu. Nikamnyang'anya. Tukanyang'anyana kama watoto. Nikashinda kwa sababu alianza kucheka.

Nikashuka njia ya nyuma, nikajaza, nikageuka kupanda. Njia hakuna! Kina mama wameikata. Mtaro wa kufika kiunoni, na juu yake tuta la udongo mbichi, toka mpaka mmoja wa kiwanja hadi mwingine. Muthoki akaniambia kwa heshima zote nipitie barabarani kama watu wengine.

Barabarani! Siku ya soko! Nikasimama pale chini nikafikiria kuumwaga mtungi na kusema nimeanguka. Kisha nikamwona Ndila juu, ng'ambo ya tuta, mkono kwenye mgongo. Najua nikimwaga, nani atashuka.

Nikapita barabarani.

Wakaniona kwa wauza nyanya. Kelele ikaenda mbele yangu kama moto kwenye nyasi. Mimi nimeinamia mzigo kama nilivyofundishwa, sioni ila viatu vya watu, na viatu vinaongezeka. Mmoja anaita, Kisilu, nifulie na shati! Mwingine anasema mwacheni, mke wake ana bahati. Mwanamke mmoja akamgeukia mumewe akamwambia tazama, tazama vizuri. Dirie akatoka hotelini, hoteli nzima nyuma yake. Nikafika mbele ya duka nikaishiwa pumzi, nikauegemeza mtungi kwenye ukuta, nikainua macho.

Soko lote la Mukuyuni lilikuwa limesimama mbele ya mama wa sabuni. Yeye ana povu, mimi nina maji. Na katikati yao, kioo kimeshushwa chote, Bwana Mutiso.

Nikajua nimeharibikiwa. Nikaanza kumweleza kwamba watu halisi wako nyuma wanachimba, hawa ni wapita njia tu, hawana mpango. Mutiso akaniambia ninyamaze nisimharibie biashara. Akauliza kama mimi hupita hapo kila siku. Nikasema hapana, aibu hii ni ya leo tu. Ndila akatokea nyuma yangu akasema atapita. Kila siku. Mutiso akatoa kalamu, akanilipa kodi ya mwaka, akasema atakuwa anarudi kuona kama macho bado yapo, la sivyo chokaa.

Nikarudi mtoni mara nyingine tatu. Mwethya unakunywa sana.

Jumatano, 16 Septemba

Fundi ameweka tangi! Limesimama chini ya paa, linang'aa mpaka Dirie anakinga macho. Nimemleta Ndila akiwa amefumba macho. Alipofumbua aliligonga kwa vidole, akasikiliza. Akazunguka nyuma yake nisimwone, nikangoja, akarudi akipangusa macho. Amesema Baba Kalunde, kwa hiyo ulikuwa unahangaika na hili. Nikasema si kitu.

Jioni tumekwenda mtoni, maana mvua bado. Tulipokuwa tunafukua mchanga akauliza polepole: tangi likijaa, hatutakuja tena huku? Nikasema hatutakuja tena, ndio uzuri wake. Akasema basi atakosa maneno ya njia. Nikamwambia tunaweza kuja na mikono mitupu. Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia kabla ya harusi yetu. Kisha akauliza jambo lingine. Mvua ikinyesha, nisipobeba, watu watakuja kutazama nini pale ukutani?

Sikuwa nimefikiria hilo! Nimelifikiria njia nzima nikiwa nimeinama. Mutiso analipa kwa sababu watu wanakuja kunicheka. Nisipobeba, hawatakuja kunicheka. Wasipokuja, ukuta utapakwa chokaa. Jibu liko wazi kabisa, nashangaa sikuliona mapema. Wachekaji wanunuliwe! Nimemwita Mwangangi usiku huu huu, namtafutia kazi: watu wenye vicheko vikubwa, vya kusikika mpaka barabara kuu, wasimame mbele ya ukuta wakicheka kwa zamu. Nitawalipa vizuri. Ameuliza watakuwa wanacheka nini. Nimemwambia hayo ni mambo madogo.

Ndila alikuwa mlangoni, amesikia yote. Amecheka mpaka akashika tangi asianguke. Nimemsihi asimalize kicheko chake bure hivyo, akiweke mpaka Mutiso aje.