Malalamiko Dhidi ya Neno "Futa"

Ulyankulu, Jumatano

Kwa Mzee Hilari,
Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kigango.

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo.

Mimi Karoli Nsabimana, karani wako, nalalamikia lugha ya Kiswahili. Kompyuta ya ofisi nimeitungia programu ndogo ishirini na mbili, kila moja na kazi yake. Kuandika majina yao marefu kulinichosha vidole, nikatunga ya ishirini na tatu, izipe nyingine majina ya mkato kwa kuchukua silabi ya kwanza ya kila neno. Nilijisifu wiki nzima, mpaka mke wangu Spesioza akawa anakula peke yake. Sasa malalamiko:

1. Programu ya "matangazo-mazishi" ilipata jina "mama". Mama Pelagia alipoomba tangazo la kikao, niliandika "mama" na jina lake, nikabandika karatasi mlangoni mwa kanisa bila kuisoma. Kabla ya saa nne watu walishafika kwake na kuni na maharage. Aliwapokea mwenyewe.

2. "Fungua-taarifa" ikawa "futa". "Futa-takataka" nayo ikawa "futa", na kwa kuwa ilikuja nyuma, ndiyo iliyobaki na jina. Jumatatu niliandika "futa" ili nifungue orodha ya watoto themanini na sita wa Kipaimara. Kompyuta ikatii. Askofu anakuja Jumapili, na orodha haipo. Naogopa, Mzee. Wapo watoto waliokuwa wakitembea saa mbili kuja mafundisho, na mimi nimewafagia pamoja na takataka.

3. Kwa hiyo naomba neno "kufuta" lipigwe marufuku kigangoni hadi Askofu aondoke, hata ubao wa mafundisho usiguswe. Akina mama watafutiwe jina jingine. Na wenye majina yanayoanza kwa silabi moja, kama mimi na Karolina wa kwaya, wagawanywe vigango tofauti. Mimi niko tayari kubaki.

Nisalimie wazee wa baraza, kwaya, na mama wa nyumbani kwako (hapa nimeandika kwa kalamu, hana hatari yoyote).

Wako katika utumishi, mwepesi wa vidole kuliko kichwa,
Karoli Nsabimana

N.B. Katekista Dafrosa amepita sasa hivi na daftari lake. Watoto wote wamo, kwa wino wa bluu, na ni themanini na saba. Aliyezidi ni Stela, binti yangu, ambaye kwenye kompyuta sikuwahi kumwandika. Naomba uichane barua hii kabla mama yake hajaiona.