Daktari wa Foleni

Lusubilo alipoliona lori lile limesimama siku ya tatu, dereva amejikunja juu ya usukani kama anayetafuta kitu miguuni, moyo wake ulijaa huruma. Huruma ya Lusubilo ilikuwa ya namna yake: ilianzia mfukoni mwa mgonjwa.

Foleni ya Tunduma ndiyo iliyomlisha. Dereva akiugua hapa hashuki, maana akiondoka na wenzake wakasogea kuelekea mpakani, nafasi imekwenda. Hospitali wanaijua ilipo, lakini wanaona afadhali kufa ukiwa wa kumi na moja kuliko kupona ukawa wa mia mbili. Watu wenye akili hizo hawahitaji kuibiwa kwa nguvu, ni kuwasogelea tu. Basi Lusubilo alivaa koti jeupe la mtumba, akaning'iniza kipimo cha moyo shingoni, akawa daktari. Kila tumbo alilopima lilikuwa na vidonda, na kila kidonda dawa yake ilikuwa chupa moja ya tangawizi na majivu.

"Linauma wapi, bosi?"

"Lilianza kitovuni jana," alisema dereva, Amoni jina lake, midomo imemkauka. "Sasa limehamia huku chini, kulia. Natapika, nina homa. Nikikohoa naona nyota."

"Vidonda," alisema Lusubilo. "Vinahama. Vimeona nakuja."

Amoni akanywa. Aliugulia saa nzima, kisha maumivu yakakatika ghafla, akainua kichwa na kucheka. Habari ikatembea foleni yote. Wanaume waliofika mpaka Lubumbashi na kurudi walisukumana kununua majivu.

Recho hakununua. Alikuwa binti kutoka kijiji cha Isansa aliyeuza mayai ya kuchemsha katikati ya malori, na alikuwa na kawaida ya kutazama kwanza. Alimwona Amoni anatoka jasho kwenye upepo wa baridi, tumbo limekaza kama ubao. Kaka yake alikuwa hivyohivyo. Maumivu yalikatika asubuhi, mama akaimba, kanisa zima likashukuru. Kesho yake jioni wakachimba kaburi. Baadaye nesi ndiye aliyewaeleza kwamba kidole tumbo kikipasuka humpumzisha mtu kidogo, halafu usaha unasambaa tumboni.

Alimwambia Amoni hivyo.

"Dada, mimi nimepona," alisema Amoni. "Nipe mayai mawili."

Mayai hakumpa. Akaona ukweli hauna mnunuzi pale, akamgeukia Lusubilo kwa upole.

"Daktari, pole na kazi. Ila ukitaka kuuza na ng'ambo ya mpaka, Wazambia hawatakuamini."

"Kwa nini?"

"Huna karatasi. Mpeleke huyu hospitali wampime, waandike amepona kwa dawa yako, wagonge muhuri. Vuka nayo Nakonde uone kama kuna atakayekuuliza bei."

Lusubilo alikuwa amewalaghai watu tangu alipokuwa mji wa Nanyala, na ndoano alizijua zote. Hii aliimeza mpaka kamba. Tena ulimi wake ukafanya kazi iliyomshinda Recho.

"Bosi wangu, nusu saa tu. Deus wa lori la nyuma yako atakusogezea lako. Wenzako wafe kwa kukosa ushahidi wako?"

"Na nafasi yangu?"

"Nakuapia kwa mama yangu."

Mama huyo alikuwa amemkana miaka sita iliyopita, lakini Amoni angelijuaje hilo? Deus alikubali kwa kichwa. Wakapanda bajaji, na nauli akalipa Lusubilo. Wanaomfahamu wanasema muujiza wa siku ile ulikuwa huo.

Hospitalini daktari, mama mfupi mwenye miwani, alibonyeza tumbo la Amoni taratibu upande wa kulia, akaachia ghafla. Amoni nusura adondoke kitandani.

"Maumivu yalikatika lini?"

"Mchana huu."

"Basi kimepasuka. Mwandaeni kwa upasuaji sasa hivi. Nani amemchelewesha mtu huyu?"

Lusubilo, ambaye katika kila maneno matano husikia moja, akajisogeza mbele.

"Niliyemtibu ni mimi," alisema. "Naomba tu muandike."

Daktari alimtazama kuanzia koti mpaka viatu. "Nitaandika," alisema, kisha akamwita Ipyana, mlinzi, afunge geti, akawapigia polisi.

Jioni Recho alikuja kuuliza. Nesi alimwambia Amoni yu hai, ila angechelewa kidogo tu zaidi wangemkosa.

Lusubilo alikuwa bado benchini na Ipyana akiwangoja polisi. Mwanamke mmoja aliingia akijishikilia ukutani. Koti jeupe lilimvuta, akamwinamia Lusubilo.

"Kaka, nina mimba ya miezi miwili. Tumbo linanichoma upande mmoja, macho yanaona giza."

Lusubilo alifungua mdomo. Chupa moja ilikuwa bado mfukoni. Akamtazama Ipyana, na Ipyana akamtazama yeye.

"Usikae hapa, dada," alisema. "Pita ndani moja kwa moja, uwaambie hivyohivyo."

Mwanamke akashukuru, akapita, wakampokea mbiombio. Ulikuwa ushauri wa maana, na hakuupatia hata senti. Alipokaa kuyapima mambo ya siku ile, Lusubilo aliona kosa alilofanya ni hilo moja tu.