Ombi la Kuezuliwa kwa Paa Lako Jipya, Baba Mdogo

Upande wa kushoto wa nyumba ya Babu,
Chumba cha nyuma.

Kwa Baba Mdogo,
ambaye pia ni Mkuu wa Ofisi,
Upande wa kulia wa nyumba hiyohiyo.

Shikamoo Baba Mdogo,

YAH: PAA LAKO NA NAMNA LINAVYOTUNYESHEA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kwa kuwa nimekusikia sasa hivi ukipiga chafya, kisha ukamwambia Mama Mdogo kuwa ni vumbi tu. Pole sana.

Najua si kawaida mtu kumwandikia barua jirani wa ukuta mmoja, tena baba yake mdogo, tena mkuu wake wa kazi. Nilikuja kugonga mlango wako jana. Nilifika kwenye zulia la kufutia miguu, nikafuta miguu vizuri, nikarudi nyumbani. Nyumbani wewe ni mzazi wangu, na mtoto mwenye adabu hamlalamikii mzazi. Ofisini wewe ni mkuu wangu, na karani hamlalamikii mkuu ila kwa maandishi. Nimepima nikaona maandishi yana hatari ndogo zaidi, kwa sababu nikitetemeka mwandiko tu ndio unaoharibika.

Kabla ya malalamiko, pokea hongera. Paa lako ni zuri. Mabati yamenyooka, rangi yake ya bluu imetulia, na misumari imepangwa kama vifungo vya sare. Nasema haya kwa moyo mweupe, na ningeyasema hata kama usingekuwa unanijazia fomu ya tathmini ya kazi mwezi huu.

Kwa kumbukumbu tu, ingawa wewe unayajua kuliko mimi: Babu aliacha nyumba moja ndefu kwa wanawe wawili. Marehemu Baba, akiwa mkubwa, alipata upande wa kushoto, nawe ukapata wa kulia, ukajengwa ukuta katikati. Paa halikugawanywa. Lilibaki moja, na kutu yake ilikuwa moja, tukivuja pamoja kama ndugu. Kisha ulimleta fundi. Akaezua upande wako, akaweka mbao mpya, akaezeka mabati mapya hadi juu ya ukuta wa katikati, akateremka, akafunga ngazi yake kwenye baiskeli. Sisi tukabaki na mabati ya Babu.

Sasa malalamiko yenyewe. Nimeyapa namba ili iwe rahisi kwako kuyakataa moja moja.

1. Mbao zako mpya ni nene kuliko zile za Babu. Kwa hiyo paa lako limepanda juu ya letu kiasi cha shubiri moja, na pale yanapokutana pana pengo refu, kutoka mbele ya nyumba hadi nyuma. Fundi mwenyewe aliliona. Nilimkuta jioni ile nikitoka kazini, amesimama uani ameshika kiuno, anatazama juu. Aliniambia hivi: “Dogo, mimi katika kazi yangu sijawahi kumvalisha mtu suruali ya mguu mmoja. Leo nimemvalisha. Lakini nimeambiwa niishie hapo, nimeishia hapo.” Sikumwuliza ameambiwa na nani. Paa ni lako, fundi ni wako, na mimi sipendi kuuliza maswali ambayo majibu yake yananijua kwa jina.

2. Mvua ikija na upepo, maji huingia katika pengo hilo na kutua juu ya ukuta wa katikati. Hapo maji yana hiari ya kwenda kulia au kushoto. Kulia umeweka dari la mbao lililopakwa rangi, na maji yanaliheshimu. Kushoto kuna chumba cha Mama. Kitanda chake tumekisogeza kila ukuta, na kila ukuta maji yameupata. Sasa analala pembeni kabisa, mwavuli wa marehemu Baba umefungwa kwenye mguu wa kitanda kwa kamba ya viatu, na asubuhi anakohoa. Ukimwuliza anasema si kitu. Mama akisema si kitu, Baba Mdogo, huwa ni kitu. Alisema si kitu pia alipovunjika kidole. Nimempa chumba changu, amekataa. Amesema mimi nahitaji usingizi kwa sababu nafanya kazi kwa mtu asiyependa miayo.

Hili ndilo linalonifanya niandike. Mengine nayaeleza kwa sababu barua ya malalamiko yenye lalamiko moja tu huonekana kama chuki.

3. Pengo halipitishi maji peke yake. Linapitisha pia maneno. Tangu fundi aondoke, sisi wa kushoto tunasikia kila kinachosemwa kulia, hata mkinong’ona, na hasa mkinong’ona. Nimejitahidi kutosikiliza. Nimelala na mto juu ya kichwa. Hata hivyo imenifikia kwamba dereva atahamishwa, kwamba masijala itapakwa rangi upya, na kwamba mimi ni “kijana mzuri, msomi, ila akiona kivuli chake anakiamkia.” Nashukuru kwa neno msomi.

4. Kutokana na lalamiko la tatu, nimekuwa nikipata taabu kazini. Ulipotangaza habari ya masijala kwenye kikao, ilibidi nishangae pamoja na wenzangu. Sina kipaji hicho. Nilishangaa mapema mno, kabla hujamaliza sentensi, na mhasibu akaniangalia. Dereva naye kila asubuhi ananisalimu kwa furaha, ananiuliza za nyumbani, nami nashindwa kumtazama machoni. Ameanza kudhani nimemkosea. Wiki iliyopita alinijia mezani akasema, “Mdogo wangu, kama kuna neno, liseme tu, mimi sina kinyongo.” Nilimwambia nina mafua.

5. Maneno hayatoki upande mmoja. Wewe ukisema jambo kwako, Mama analijibu kwetu, ila halijibu kwako, analijibu kwa ndoo iliyowekwa kukinga maji. Juzi ulimwambia Mama Mdogo, “Shemeji ana kiburi. Mimi nimbembeleze kwa lipi?” Mama Mdogo akasema, “Ungekwenda tu ukamwona, miguu unayo.” Mama, akimimina ndoo, akaiambia, “Unasikia? Mtu ana miguu.” Kisha wewe ukaongeza sauti ya redio. Sijaelewa kiburi unachokitaja, kwa kuwa Mama hajawahi kulalamika kwako hata siku moja kuhusu maji haya. Labda huko kutolalamika ndiko unakokiita kiburi, na kama ni hivyo barua hii itapunguza.

6. Wapita njia wanasimama. Mwuza mkaa amemuuliza Mama kama nyumba yetu ni ya kabla na baada, kama zile picha za matangazo ya sabuni. Mwalimu wa jirani anatumia paa letu kuwaelekezea wageni: wakifika penye nyumba iliyokata tamaa katikati, wakunje kushoto. Mimi natoka nyumbani humo kila asubuhi nikiwa nimevaa tai.

Hayo ndiyo malalamiko. Sasa naomba uniruhusu nifike kwenye ombi, ambalo nimeliandika na kulifuta mara nyingi, na ambalo naliweka mbele yako nikiwa nimekaa chini kwa usalama.

Chanzo cha yote ni tofauti ya shubiri moja. Tofauti ina dawa mbili tu: la chini lipande, au la juu lishuke. Kupandisha letu hatuwezi, kwa sababu mshahara wangu unaujua, wewe ndiye unayeupitisha. Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba paa lako lishushwe.

Nimefikiria pia kwamba kushusha paa ni kazi ngumu, huenda mbao zikapasuka, nawe ukapata hasara kwa ajili yetu. Sitaki hilo. Ni rahisi zaidi paa lako jipya liezuliwe lote. Mabati yatang’olewa misumari, yatapangwa vizuri uani, nami nitayafunika yasipate mvua. Bila paa upande wako, hapatakuwa na pengo, kwa maana pengo linahitaji vitu viwili. Maji yatakayoingia yatatupata sote kwa haki, na Mama hatakuwa peke yake chini ya mwavuli. Naomba usione kama nakutakia mabaya. Nakutakia sawasawa.

Nilipofika hapo, nikaona bado kuna tatizo. Ukuta wa katikati unaweza kuyazuia maji yasigawanyike vizuri: upande mmoja ukajaa, mwingine ukapata rasharasha. Kwa hiyo, pamoja na paa, naomba ukuta nao uondolewe. Ukuta ukiondoka hapatakuwa na kulia wala kushoto. Chafya yako tutaisikia kihalali. Mama akitaka kukujibu atakujibu wewe na si ndoo. Redio itakuwa moja, na wewe ndiye utakayechagua stesheni, hilo nimeshalizungumza na nafsi yangu. Na kwa kuwa wote tutakuwa hatuna paa, itabidi mtu aite fundi, na fundi hataweza kuuliza aishie wapi, maana hapatakuwa na mahali pa kuishia isipokuwa mwisho wa nyumba.

Natambua kwamba mwisho wa hesabu hii ni nyumba moja yenye paa moja, kama alivyoiacha Babu, na kwamba pengine ipo njia fupi ya kufika hapo bila kubomoa. Nimeitafuta. Mimi ni karani tu. Njia fupi huidhinishwa na wakubwa.

Endapo ombi hili litakuudhi, naomba uniudhikie nyumbani na si ofisini. Endapo ofisini, basi naomba iwe baada ya chai.

Msalimie sana Mama Mdogo, na umwambie nimeupenda ule wimbo anaouimba akifagia, ila ubeti wa pili anauruka. Wasalimie wageni wenu wa juzi, ambao mmoja wao anakoroma kwa utaratibu mzuri. Mama yangu hajakutumia salamu, lakini hajakataza. Dereva nitamsalimu mwenyewe nikipata ujasiri.

Ni mimi, mtiifu kwako kulia na kushoto mwa ukuta,

Mtoto wa kaka yako,
Karani wako, meza ya karibu na mlango.

Nyongeza:

Baba Mdogo, naomba malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la sita, yasishughulikiwe. Nilikwenda kutafuta bahasha, nikarudi nikamkuta Mama ameishika barua hii. Nilidhani atanichapa. Aliisoma yote, akaketi kitandani, akacheka hadi kikohozi kikamshika.

Anasema usiezue kitu, na ukuta uuache ulivyo. Anasema aliyemwambia fundi aishie katikati ni yeye. Fundi alikuwa ametumwa nawe aezeke nyumba nzima, na mabati ya nyumba nzima alikuja nayo. Mimi nilikuwa kazini sikujua. Mama alimzuia kwa sababu yeye ni mke wa kaka yako mkubwa, si mpangaji wa kushtuliwa na ngazi dirishani, na ulimtuma fundi usije wewe. Nilipomwuliza mabati yetu yako wapi, aliinua godoro. Yamepangwa pale chini yote, mapya, ya bluu. Tangu mvua zianze Mama amekuwa akilala juu ya paa letu.

Nilimwambia basi nitaichana barua. Akasema haina haja. Akasimama karibu na ukuta wa katikati na kuisoma tena tangu mwanzo kwa sauti kubwa, pamoja na hesabu ya ukuta, pamoja na kiburi, akauelekeza uso juu kwenye pengo. Kwa hiyo bahasha nimeirudisha mahali pake.

Redio yako imezimwa. Naandika haya nikiwa nimesimama, kwa sababu mlango wetu unagongwa. Mama amesema nisifungue kwanza, anatafuta nguo kavu.