Barabara Ipite Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema! Wilaya inapanga barabara mpya ya mabasi, na inataka maoni ya wakazi. Jumamosi, ukumbi wa shule. Kila anayetaka atasimama aseme. Mimi, fundi makochi, niulizwe na serikali! Nimerudia kusoma tangazo mpaka mke wangu akaniambia nitalitoboa kwa macho.

Duka limedoda. Tangu kituo cha basi kihamishiwe sokoni, mtaa wetu hauoni mtu ila paka. Makochi yangu yako nje, yamepauka upande wa jua. Nikipata kituo mlangoni pangu, nimeokoka. Nisipopata, nitafunga. Na duka hili aliniachia marehemu baba mkwe, aliyenifundisha hata kushika nyundo. Sithubutu kuliwaza hilo.

Tatizo ni Bwana Vioo, jirani wa ng'ambo. Anauza vioo. Kirefu kuliko vyote amekiegemeza nje, nikigonga misumari najiona mzima mzima, kitambi na yote. Naye anataka kituo upande wake. Nimemwona akipima pale mbele kwa miguu. Mnafiki! Nikamsalimu kwa heshima zote.

Jumatano, 5 Machi

Afisa Mipango alikuwa apite leo kujionea mitaa. Dada wa miwani, mpole. Nikabuni jambo: akikuta foleni mlangoni kwangu, ataona mwenyewe kwamba kituo kinahitajika.

Nikatoa kochi kubwa la kijani. Nikamketisha mama mkwe, tunayeishi naye hapa nyuma ya duka, magoti yanamsumbua. Pembeni mke wangu. Mwisho shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye kazi hana ila usingizi anao. Nikawaambia wajifanye wanasubiri basi. Mama mkwe akauliza basi gani. Nikamjibu la kufikirika tu. Akasema hilo hataliweza, mabasi ya siku hizi ngazi zake ziko juu.

Balaa! Wapita njia walipoona foleni wakajiunga. Hakuna aliyeuliza. Ikavumishwa kwamba panagawiwa sukari. Foleni ikafika konani, watu wakaja na ndoo. Afisa alipofika alikuta wanasukumana, na mama mmoja amenishika shati anadai haki yake. Akaniuliza ninagawa nini. Nikababaika. Nikasema maoni.

Shemeji alikuwa amelala, mdomo wazi. Bwana Vioo alicheka mpaka akashika ukuta. Kiooni nilijiona: shati limechanika kwapani.

Ijumaa, 7 Machi

Foleni basi. Sasa ni maneno. Kesho kila mtu atapewa dakika chache tu, kwa hiyo nataka kauli moja ya kuwaingia kichwani.

Mke wangu akapendekeza: "Basi lipitie kwangu." Si mbaya, ila legelege. Basi ni kitu kidogo. Nikaweka barabara. Halafu hiyo "pitie" inaburuta ulimi, mtu anaonekana anabembeleza. Nikaikata herufi moja. BARABARA IPITE KWANGU! Hapo sawa. Inaamuru!

Mke wangu aliguna. Akasema yeye hayumo, na mkutanoni haendi. Mama mkwe naye haendi, magoti. Nimebaki na shemeji. Nimemfunza kuitikia: ipite kwake! Amekubali kwa ahadi ya kula mara mbili.

Jumamosi, 8 Machi

USHINDI!

Ukumbi pomoni. Ukutani ramani kubwa, barabara mpya imechorwa kwa nukta, na nukta zinakomea mwanzo wa mtaa wetu. Afisa akasema kuanzia hapo sisi wakazi ndio tutakaomwambia ielekee wapi. Bwana Vioo akasimama, akaanza na vumbi, akaja kwenye vioo, akarudi kwenye vumbi. Watu wakapiga miayo. Zamu yangu ikafika.

Barabara ipite kwangu! Shemeji: ipite kwake! (Alikuwa macho! Ajabu.)

Afisa akavua miwani. Akauliza kama nina hakika, kwangu kabisa? Nikasema kabisa, palepale kwangu, wala isikanyage kwa jirani. Akauliza kama familia imeridhia. Nikasema kwa moyo mmoja. Akasema tangu aanze kazi hii hajawahi kuona mkazi mwenye moyo kama wangu, na akachora mstari mbele ya macho yetu.

Makofi! Watu walisimama! Bibi mmoja aliniombea dua. Bwana Vioo alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yanamlengalenga. Wivu huo. Nilimwonea huruma kidogo, kidogo tu.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi wamekuja vijana wa wilaya na utepe wa kupimia na kopo la rangi nyekundu. Wakachora alama ya X ukutani kwangu. Alama ya kituo! Lakini waliichora ovyo, mkono mmoja mfupi. Walipoondoka nikachukua brashi nikaunyoosha. Nikaongeza na ukingo mweupe pande zote. Ikapendeza kwelikweli.

Bwana Vioo akavuka kuniuliza nimepata wapi pa kuhamia. Nikamwambia mimi sihami, mimi nahamiwa. Akatikisa kichwa, akaenda, akarudi na kioo kidogo cha mkononi. Ukumbusho, akasema, wa ujirani mwema. Nikaona mzee huyu anaanza kuchanganyikiwa.

Mke wangu aliporudi kazini akaiona X. Akaweka mkoba chini. Akaniuliza mkutanoni nilisema nini hasa, neno kwa neno. Nikamwambia, tena kwa sauti ileile. Akakaa kwenye kochi la kijani, akanieleza polepole kama anavyowaeleza watoto hesabu darasani. Nimeiomba serikali ipitishe barabara katikati ya duka. Nimeomba kwa kelele. Na mdogo wake ameitikia.

Nikaitazama X. Safi, imenyooka, na ukingo wake mweupe.

Ukuta ule baba mkwe aliupiga lipu kwa mikono yake. Pale chini kuna alama ya kiganja chake, aliyoiacha lipu ilipokuwa mbichi. Nimelia, na sioni aibu kuandika hapa. Mama mkwe alikuwa ndani anachambua mboga, hana habari. Nani atamwambia? Si mimi. Namwogopa, na zaidi ya kumwogopa nampenda.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesikia kwamba jengo la kale halibomolewi. Basi! Nikatundika kibao: JENGO LA KALE SANA. Halafu nikaona ukuta unang'aa mno kwa jengo la kale. Nikaumwagia birika zima la chai uonekane mkuukuu.

Nilisahau kwamba chai ilikuwa na sukari. Kufika saa sita sisimizi walikuwa wamepanga mstari, wamepita katikati ya X, wakaingia dukani. Hata wao barabara yao imepita kwangu.

Mama mkwe akatoka anajikongoja. Akatazama ukuta, akatazama kibao, akauliza chai yake iko wapi. Nikashindwa kudanganya. Nikamweleza yote, nimeinamisha kichwa, nasubiri mvua ya matusi. Hakutukana. Alienda akagusa kile kiganja cha mumewe. Kisha akasema Jumamosi, ramani inapothibitishwa, nimpeleke mkutanoni, hata kwa kubebwa.

Jumamosi, 15 Machi

Leo ulikuwa mkutano wa kuthibitisha ramani. Tumembeba mama mkwe juu ya kiti, mimi mbele, shemeji nyuma. Shemeji amelalamika njia nzima. Mfukoni nilikuwa na hotuba yangu juu ya majengo ya kale. Nilipotaka kusimama, mama mkwe akanivuta suruali, akasema baba, leo pumzika.

Akaomba kusema akiwa amekaa. Akasema mkwe wake hana ubaya, ana haraka tu. Alitaka kusema "ipitie kwangu", ije mlangoni na kuendelea na safari. Akaidondosha ile i. Na duka lile alilijenga mumewe, na mkwe huyu hulifagia kila asubuhi kabla hajanywa chai. Basi anaomba wamrudishie i yake.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Nami nilicheka. Afisa alifuta macho, kisha akafuta mstari. Akamuuliza mama, sasa barabara iende wapi?

Mama mkwe akasema akienda hospitali kuonyesha magoti hupanda kilima chote kwa miguu, na akifika juu magoti yamemaliza kuuma, kinachouma ni roho. Barabara ipande kilima. Kituo kiwe lango la hospitali. Ukumbi mzima ukaitikia, na hakuna aliyewafunza.

Bwana Vioo akainuka. Nikajua sasa atanimaliza. Akasema anaunga mkono, na duka la makochi libaki palepale, maana asubuhi asipoliona tumbo langu kwenye kioo chake hajui kama kumekucha. Nikaenda nikamkumbatia mbele ya watu. Ananukia dawa ya kusafishia vioo.

Jumapili, 16 Machi

Nimeifuta X. Kiganja nimekizungushia fremu. Bwana Vioo ametoa kioo cha kukifunika, hakutaka hata shukrani.

Mama mkwe anasema wanaotoka hospitali kwenda sokoni huteremka kwa miguu kupitia mtaa wetu, na mwenye miguu mibovu akiona kochi hawezi kulipita. Kweli, jioni mama mmoja aliketi kwenye lile la kijani, akashusha pumzi, akauliza linauzwa vipi. Linauzwa vipi! Nusura nimkumbatie naye.

Nimeapa mbele ya mke wangu: mimi na mipango basi. Sasa nasoma kwanza, nafikiri, ndipo nafungua mdomo. Yametosha.

Jumatatu, 17 Machi

Tangazo jipya! Wilaya inataka tena maoni ya wakazi, Jumamosi ijayo, ukumbi uleule. Juu limeandikwa kwa herufi kubwa: MAJI. Hatimaye! Bomba letu hukohoa tu siku hizi, na mama mkwe anateseka na ndoo. Safari hii namtendea jema, tena kabla Bwana Vioo hajaamka.

Mke wangu anasema nisome mpaka chini. Chini kuna maandishi madogo, mambo ya mifereji, mafuriko, na mvua za mwezi ujao zielekezwe wapi. Hayo ni ya wataalamu. Mimi neno langu nimeliona.

Kauli ninayo tayari. Nimeipima herufi kwa herufi, ile i nimeirudisha mahali pake, sikosei mara mbili. Shemeji ameshaanza mazoezi.

MAJI YOTE YAPITIE KWANGU!